Namna ya Kumpoteza Mtoto London na Kumrudisha Kabla ya Ukurasa wa 200

Ukitaka riwaya ya vijana itakayouzika, mpoteze mtoto. Mapenzi ya shuleni yamechuja, majini yamezeeka, lakini mtoto aliyepotea hajawahi kudoda sokoni. Na ukishaamua kumpoteza, mpotezee London. Akipotea Kisauni au Michenzani utajuta: msikiti utatangaza, kinamama watatoka na mitandio mabegani, na kabla ya isha atakuwa ameonekana kwa bibi yake mdogo anakula mihogo. Hadithi itakuwa imekwisha na wewe hujafika sura ya pili. London ni jiji la watu wapatao milioni tisa waliokubaliana kutotazamana usoni wakiwa ndani ya treni. Pale mtoto hupotea kwa raha zake.

Mwongozo huu ni kwa mwandishi wa Kiswahili, awe anakaa Barking, London, au anaiona Barking kwenye simu ya binamu yake. Waingereza wenyewe hawauhitaji; kazi hii wanaijua tangu zamani. Tarehe 27 Desemba 1904 mchezo wa Peter Pan wa J. M. Barrie ulipanda jukwaani London: watoto watatu wa familia ya Bloomsbury wanatoka dirishani usiku, wanaruka, wanapigana na maharamia, kisha wanarudi kitandani hawana hata mkwaruzo. Watu walishangilia, na wanashangilia mpaka leo. Sanamu ya Peter Pan imesimama katika bustani ya Kensington tangu 1912, na mwaka 1929 Barrie aliitoa haki ya mapato ya kazi hiyo kwa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street. Watoto wa kutunga wanapotea, watoto wa kweli wanatibiwa. Sijui biashara nyingine ya kupoteza watoto iliyoleta faida ya halali namna hiyo.

Halafu yupo Paddington, dubu wa Michael Bond, aliyetokea kitabuni mwaka 1958. Katoka Peru amejificha ndani ya mashua, hana viza, na pale kwenye stesheni ya Paddington anakutwa ameketi na kikaratasi shingoni. Familia ya kina Brown inamchukua siku hiyohiyo na kumpa chumba, pamoja na jemu ya machungwa anayoipenda. Soma kitabu hicho kwa makini, kisha nenda Croydon, kwenye jengo la Lunar House wanakoandikishwa waombaji hifadhi, uwaulize waliopanga foleni kama kuna aliyepokelewa kwa jemu ya machungwa.

Sasa tuanze. Hatua ya kwanza ni kumpoteza, na kanuni yake ni moja: mtu mzima asihusike. Tumia umati wa Oxford Street, mlango wa treni unaofunga mama akiwa ndani na mtoto akiwa nje, ukungu, au dirisha kama Barrie. Mchapishaji anapenda sana mlango wa treni kwa sababu haumshtaki mtu. Usithubutu kuandika kwamba mtoto alipelekwa, alikabidhiwa, au alisafirishwa kwa pasipoti ya mwenzake. Ukifanya hivyo msomaji ataanza kuwatazama wajomba zake, na wajomba ndio wanaolipa ada ya shule inayonunua vitabu.

Pia mvua inyeshe. Haijalishi kwamba London hupata milimita 600 hivi za mvua kwa mwaka na Zanzibar hupata zaidi ya mara mbili ya hizo. Mtoto wa riwaya hulowa Uingereza tu.

Polisi naye awepo, mnene kidogo, na aseme: rudi baada ya saa 24. Hakuna kanuni kama hiyo Uingereza. Mtoto akipotea unapiga 999 dakika hiyohiyo na wanatakiwa kukusikiliza. Lakini sura ya tatu utaijaza na nini mama asipozungushwa?

Ili uone hasara ya kuupuuza mwongozo huu, chukua mfano wa mswada mmoja ambao ningeurudisha kwa mwandishi wake nikiwa mhariri. Mtoto anaitwa Hussein Abdi Kahin. Amezaliwa Somaliland, ana pacha wake anayeitwa Hassan. Akiwa na miaka minne baba yake anauawa kwa risasi katika vita. Anapofika miaka minane au tisa anapelekwa Djibouti kukaa na jamaa, na kutoka hapo mwanamke asiyemjua anapanda naye ndege kwenda Uingereza. Anaambiwa kwamba huko anakwenda kwa ndugu zake, na tangu sasa jina lake ni Mohamed. Hati ya safari ina picha yake na jina la mtoto mwingine. Mkononi ana karatasi yenye anwani za jamaa zake. Wakifika kwenye fleti huko Hounslow, magharibi ya London, mwanamke yule anaichukua karatasi, anaichana mbele ya macho yake, anaitupa kwenye pipa la taka.

Tusimame hapa kidogo. Mhariri wako angekuandikia pembeni kwa kalamu nyekundu: “Mhalifu hana sura.” Na kweli hana. Hana kisu, hana kovu, hana kicheko cha usiku. Ni mama wa nyumbani mwenye watoto wanaohitaji kuogeshwa na kulishwa, na mtoto huyu aliyeletwa ndiye atakayewaogesha na kuwalisha ikiwa anataka chakula. Ni kisa tunachokijua mno. Nyumba ngapi za mjini, kwetu, zimemtoa mtoto kijijini kwa ahadi ya shule na kumpa ndoo? Msomaji wa kwetu akikutana na mwanamke huyo kitabuni hataogopa, atamsalimia shikamoo.

Mswada unaendelea. Miaka inapita bila shule. Akiwa na miaka 12 anaandikishwa huko Feltham, Kiingereza chake cha kubahatisha. Anajua kukimbia. Anamwambia mwalimu wa michezo, Alan Watkinson, yeye ni nani na anaishi vipi. Mwalimu anawaita watu wa ustawi wa jamii, na mtoto anahamishiwa kwa familia nyingine ya Kisomali. Mwaka 2000 anapata uraia wa Uingereza, kwa jina lilelile la kuazima. Miaka baadaye, katika mgahawa wa Wasomali London, mwanamke mmoja anamkabidhi kaseti. Ndani yake kuna sauti ya mama yake mzazi, Aisha, na ubavuni mwake kuna namba ya simu na ujumbe mfupi. Katika ujumbe huo mama anamtoa wasiwasi mwanawe: kama kumpigia kutamletea taabu, basi aache.

Halafu, kana kwamba haya hayatoshi, kijana huyu anashinda medali nne za dhahabu za Olimpiki, mbili kati ya hizo hapohapo London mwaka 2012, na Malkia anampa cheo cha Sir.

Hapa mhariri angeweka kalamu chini kabisa. Medali nne? Punguza, awe mshindi wa wilaya. Kaseti mgahawani? Sadfa hiyo tumeiacha kwenye filamu za Kihindi. Na huyu Mohamed Farah mwenyewe, mtoto ambaye jina lake lilichukuliwa, eti alipatikana akiwa Uturuki na wakaongea kwa simu ya video? Futa, wahusika wamezidi.

Kwa bahati mbaya si mswada. Ni Mo Farah, aliyeyasema yote hayo mwenyewe kwenye filamu ya BBC mwezi Julai 2022. Na kuna jambo ambalo mwandishi wa riwaya atalipenda zaidi: kabla ya hapo naye aliufuata mwongozo. Kwa miaka mingi, hata kwenye kitabu cha maisha yake cha mwaka 2013, hadithi iliyojulikana ilikuwa nyingine: kwamba alikuja Uingereza na mama yake kumfuata baba. Mtoto, wazazi, ndege, mwanzo mpya. Hakuna wa kulaumiwa. Hadithi ile ilipita uhamiaji, ikapita kwa wachapishaji, ikapita hadi kasri ya Buckingham.

Wala tusijifanye wageni. Ughaibuni sanaa hii ina jina, kujilipua, na ina watunzi waliokubuhu. Wapo watu wazima London ambao wote wamezaliwa tarehe 1 Januari. Wapo waliobadilisha nchi, kabila na jina la baba katika chumba kimoja, mbele ya mkalimani aliyewajua tangu Kariakoo akakaa kimya. Siwacheki, wengi wao wasingelala salama bila ule utunzi. Ninachosema ni kwamba mwandishi anayedhani anakwenda kuwafundisha watu hawa kubuni hadithi ya mtoto aliyeondoka kwao afike na daftari, siyo na mhadhara.

Mwalimu mzungu mwenye huruma hutakosa kumweka. Wahakiki watakurarua, watasema ni mwokozi wa kukopi, na mara nyingi watakuwa na haki. Ila Watkinson alikuwepo, na kinachomtofautisha na wale wa riwaya ni kwamba hakumkumbatia mtoto kwenye mvua. Alipiga simu. Akajaza fomu. Kijana alipochaguliwa kwenda kukimbia Latvia akiwa na miaka 14 na kukosa hati ya kusafiria, mwalimu akaanza kushughulikia uraia wake, kazi iliyochukua miaka. Fomu hazina mandhari, hazina muziki, na hakuna kijana wa miaka 15 atakayesoma sura nzima ya fomu. Kwa hiyo ziondoe, weka kumbatio.

Hatua ya pili na ya tatu, yaani katikati ya kitabu, ziruke haraka kama wafanyavyo wote. Weka mtu mbaya anayeuza vitu kwenye kona, weka paka, weka basi la ghorofa mbili. Usimfuate mtoto anayepotea London ya leo. Huyu wa leo hupewa simu na tiketi ya treni na vijana wakubwa, anapelekwa mji mdogo wa pwani kuuza dawa za kulevya katika nyumba ya mgonjwa au mlevi, na siku ya nne anarudi na viatu vipya. Mama yake anafurahi kwanza kwa kumwona, kisha anaviona viatu. Hapo pana riwaya nzito kuliko zote, lakini itakulazimu umweleze mtoto kama mkosaji na mwathirika kwa pamoja, na jalada halitajua liwe la rangi gani.

Sasa tumefika kwenye utamu wenyewe: kurudi. Kanuni hapa ni kumaliza mlangoni. Mama aangushe sufuria, pilau inukie, jirani apige kigelegele, halafu andika MWISHO kwa herufi kubwa. Usivuke kizingiti. Uingereza wana mwongozo wa serikali, wa mwaka 2014, unaozitaka kaunsili za mitaa zimtolee mtoto aliyerudi nafasi ya kuzungumza na mtu asiyefungamana na upande wowote ndani ya saa 72: ulikuwa wapi, ulikuwa na nani, na kitu gani kilikuondoa nyumbani. Lile swali la tatu ni sumu ya riwaya. Hakikisha kitabu chako kimefungwa kabla saa 72 hazijatimia, maana mtoto akijibu, itabidi uandike kingine.

Ajabu ni kwamba Barrie alilijua hilo. Katika kitabu chake cha 1906, Peter Pan aliyekawia mno kurudi anakuta dirisha limetiwa nondo, na mama amelala na mtoto mwingine pembeni. Picha hiyo hutaiona kwenye vikombe vinavyouzwa kwa watalii.

Wa kwetu wameliandika bila kupepesa. Abdulrazak Gurnah, aliyeondoka Zanzibar akiwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1960 na asiweze kukanyaga tena kwao mpaka 1984, ana Ilyas katika riwaya ya Afterlives ya 2020. Ilyas alitoroka kwao utotoni, akachukuliwa na askari wa Kijerumani, akasomeshwa. Anaporudi kijijini akiwa mtu mzima, wazazi wamekufa na mdogo wake wa kike, Afiya, amepewa watu wengine anaowatumikia. Hapana pilau. Na Yusuf wa Paradise, riwaya ya 1994, anatolewa kwao akiwa na miaka 12 kulipia deni la baba yake, wala harudi kabisa. Riwaya hiyo sasa ipo kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis wa chuo cha SOAS hapohapo London na kutolewa na Mkuki na Nyota. Kwa hiyo hatuna kisingizio cha lugha. Ken Walibora naye, katika Siku Njema ya 1996, alimtembeza Kongowea Mswahili kutoka Tanga hadi Kitale kumsaka baba asiyemjua, na wanafunzi wa Kenya wakaipenda mno. Wasomaji wa Kiswahili hawajawahi kuogopa mlango uliofunguliwa na mtu wasiyemtarajia. Ni wachapishaji wanaoogopa.

Wapo waliojaribu hukohuko London na kufanikiwa. Benjamin Zephaniah, kwenye Refugee Boy ya 2001, anamleta mtoto wa baba Mwethiopia na mama Mweritrea. Baba anamwacha hotelini usingizini, anarudi kwao kwenye vita, na anaacha barua. Beverley Naidoo, katika The Other Side of Truth, anawaacha ndugu wawili wa Kinaijeria kwenye stesheni ya Victoria, na mwanamke aliyelipwa awafikishe anatoweka. Kote mtu mzima yumo, na kote vitabu vilisomwa mashuleni bila dunia kuanguka.

Imebaki kona moja ambayo mwongozo huu unaikataza kwa nguvu zote. Ni swali la nyumbani ni wapi. Mtoto aliyezaliwa Ilford, London, anafikisha miaka 14, anaanza kujibu kwa mabega, anaonekana na kundi lisilofaa. Wazazi wanakata tiketi: twende Unguja tukamwone bibi, wiki tatu tu. Wiki ya tatu pasipoti ya mtoto iko ndani ya sanduku la shangazi, na shangazi hana haraka. Wasomali wana desturi yao ya namna hiyo, wanaiita dhaqan celis. Sisi hatuna hata jina, tunafanya tu, halafu tunasema mtoto ametulia. Kwa bibi, mjukuu amerudi nyumbani. Kwa darasa lake la Ilford, kiti kimebaki kitupu na mwalimu anauliza. Mtoto huyohuyo, siku hiyohiyo, amepotea na amepatikana. Riwaya mbili kwa nauli moja, na bado hakuna niliyoisoma kwa Kiswahili. Usiiandike. Mama yako mdogo atajiona, hutaalikwa Idi.

Lakini kama wewe ni mbishi na utaiandika hiyo, au ya yule mtoto wa Hounslow, nina ombi moja nje ya kejeli. Kwetu kila mama wa mtaani ni shangazi, na sheria ya Uingereza haimtambui shangazi huyo. Yeyote anayekaa kwa siku 28 au zaidi na mtoto wa chini ya miaka 16 ambaye si wake, na si babu au bibi yake, kaka au dada yake, mjomba, shangazi wala mzazi wake wa kambo, anatakiwa aiarifu kaunsili ya mtaa, hata kama amemchukua kwa wema. Wengi wetu hatuijui sheria hiyo. Ichomeke popote kitabuni, hata kwenye mdomo wa mhusika mdogo anayepita na mfuko wa Tesco, na umpe pia namba 116 000 ya shirika la Missing People, maana haina malipo na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.